Mkoromo wa Guka

Mtoto wangu alianza kukoroma akiwa na miezi saba, na ukoo mzima ukafurahi isipokuwa mimi.

Ilikuwa Jumapili mchana, kwetu Kitengela, upande wa Noonkopir. Mtoto alikuwa na mafua ya siku kadhaa, kamasi tu za kawaida, na baada ya kanisa nilikuwa nimemlaza kitandani. Mume wangu hufanya kazi kwa shamba la maua huko Isinya, na Jumapili ndiyo siku yake ya kuvua viatu na kusahau kwamba dunia iko na waridi. Alikuwa anavua cha pili wakati sauti ilitoka chumbani. Hrrrr. Kimya kidogo. Halafu hrrrr tena. Akasimama na kiatu mkononi.

"Huyo ni baba," akasema.

"Huyo ni mtoto wako ako na mafua."

"Ni baba. Sikiliza vizuri. Pale mwisho kuna mahali inapanda, unasikia?"

Nilisikia ikipanda. Pia nilienda nikaona vile mtoto alikuwa akivuta hewa mpaka ngozi inaingia katikati ya mbavu. Lakini nikigeuka kumwambia, mwenzangu alikuwa tayari ameweka simu karibu na mdomo wa mtoto, na upande ule mwingine, Kajiado, mama yake alikuwa akilia kwa furaha.

Wacha nieleze. Watu wa mume wangu asili yao ni mkoa wa Central, na kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la guka, yaani baba ya baba yake. Na si jina tu. Mume wangu humwita mtoto wake "baba" bila kucheka. Mama mkwe wangu humwita "bwana yangu," na akija kututembelea hubisha mlango akiuliza, "Bwana yangu ameamka?" Na kwa sababu mimi ndiye nilimzaa huyo bwana, mimi ananiita mama mkwe. Ni utani, lakini ni utani ambao unaniwekea paja la kuku kwa sahani kila nikienda kwake, kwa hivyo sikuwahi kuukataa. Sijafika miaka ishirini na tano na niko na mkaza mwana wa miaka sitini na kitu ambaye ananipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Kwetu Ukambani pia watoto hupewa majina ya wazee. Mimi mwenyewe ni nyanya yangu. Lakini nyanya yangu alikuwa na jicho moja bovu, na hakuna mtu alikaa akingoja langu liharibike ndiyo apige vigelegele.

Guka mwenyewe sikumjua sana. Alikufa mwaka mmoja kabla mtoto azaliwe, kwa uzee tu, akiwa amelala. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kajiado mjini, misumari, mabati, saruji, waya ya kuzungushia ng'ombe, na kila mchana alilala nyuma ya magunia ya saruji na kukoroma mpaka barabarani. Watu walikuwa wamezoea. Ukipita usikie anakoroma, unajua duka iko wazi. Ukipita kukiwa kimya, unajua amefunga, rudi kesho. Wateja kutoka mashambani walikaa kwa ngazi wakimngoja aamke, hawakumgusa. Alipokufa, shosho, yaani huyo mama mkwe wangu, alifungua duka siku ya tatu na hakuna mtu aliingia mpaka saa nane. Walidhani imefungwa.

Sasa unaelewa mimi nilikuwa ninapigana na nini.

Jumatatu nilipeleka mtoto kliniki moja karibu na steji, ile iko juu ya duka la simu. Shosho alikuwa amefika asubuhi kutoka Kajiado na trei ya mayai ya kienyeji, akasema lazima aende na sisi. Kosa likaanza hapo. Kabla nifungue mdomo alikuwa ameshamweleza yule daktari kwamba mtoto ni bwana yake na anakoroma kama yeye, hata ile mwisho inapanda. Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Akacheka. Akasema yeye pia amebeba jina la babu yake, na babu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na yeye anatumia wa kushoto, tazama. Akatuonyesha akiandika.

"Lakini hanyonyi vizuri," nikasema.

"Mafua, mama. Pua imeziba. Mtoto hawezi nyonya na kupumua pamoja."

"Na joto?"

"Mafua."

Akaandika matone ya pua na dawa ya homa, kwa mkono wake wa kushoto, na shosho akamwombea baraka. Mimi nilishuka zile ngazi nikiwa nimekasirika hadi nikasahau blanketi ya mtoto juu na ikabidi nirudi, na hasira ikiwa na blanketi mkononi si hasira tena, ni mtu tu amesahau kitu.

Kesho yake shosho akataka bwana yake apelekwe nyumbani kwake, watu wamsikie. Mume wangu akasema ni wazo nzuri, Kitengela kuna vumbi, huko kuna hewa. Kajiado pia kuna vumbi, lakini yeye ni mtu wa huko na la kwao huliita hewa. Nilikubali kwa sababu moja, kwamba Kajiado kuna hospitali kubwa, na nilikuwa nimeamua kama hajapoa nitampeleka hata kama ni kwa kutoroka.

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo kila kitu kibaya mtoto wako anafanya ni habari njema. Alikataa titi la kulia, halafu la kushoto. "Mzee hakuwa mtu wa maziwa," shosho akasema. Akaanza kutoka mate, si yale ya meno, mate ya kumwagika mpaka shati linalowa kifuani. "Mzee akilala alikuwa analowesha mto." Shingo ikakakamaa. Akawa anaweka kichwa nyuma akiangalia dari, na nikijaribu kumgeuza analia, lakini kilio chenyewe kilikuwa kimefungwa, kama mtu analia ndani ya debe.

"Anaangalia juu ya rafu," shosho akaniambia. "Alikuwa anahesabu mabati hivyo."

"Shosho, huyu hajui mabati."

"Wewe ngoja."

Walikuja kumsikiliza. Sitanii. Walikuja wateja, alikuja fundi wa pampu, walikuja akina mama wa kanisa. Mzee mmoja Mmasai, rafiki ya guka wa miaka mingi, aliingia kununua waya, akasikia ile sauti ikitoka nyuma ya magunia pale nilikuwa nimekaa na mtoto. Akasimama wima. Wamasai humsalimia mtoto kwa kumgusa kichwa, kila mtu anajua. Huyu hakumgusa kichwa. Aliinama akachukua ule mkono mdogo na kuushika kama anasalimia mtu wa rika lake. "Sopa," akamwambia, taratibu. Akanunua waya akaenda zake akipangusa macho. Siwezi kusema sikuguswa. Niliguswa. Halafu nikakasirika zaidi, kwa sababu hata mkono wenyewe aliushika na hakuniambia una moto.

Alhamisi ndiyo siku ya mambo. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni nyuma ya duka na mandazi na chupa mbili za chai. Shosho alikuwa amewapanga kama kwaya. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto wima begani kwa sababu nikimlaza alikuwa anakabwa.

"Nyamazeni basi," shosho akasema. "Mama mkwe, mlete karibu."

Wakanyamaza. Hrrrr. Mwanamke mmoja akafunika mdomo. Mwingine akasema, "Hata mimi niliyekaa mtaa wa pili, huyo ni yeye." Wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, cha watu waliokosa mtu na wamempata. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu wiki nzima. Ningejua kupigana na watu wabaya.

Nikamtoa begani nimwangalie. Macho yake yalikuwa wazi. Wazi kabisa, makubwa, yananiangalia mimi, na ile sauti ilikuwa inaendelea. Alikuwa ameangalia vile mtu huangalia mwenzake akitaka amshikie kitu kizito.

"Shosho," nikasema, "mzee alikuwa anakoroma akiwa macho?"

"Mtu atakoroma aje akiwa macho?"

"Kuja uone."

"Anasinzia huyo."

"Mimi ni nani wako?"

"Sasa hiyo ni maswali gani mbele ya wageni?"

"Nimeuliza. Kila siku unasema mbele ya hao hao wageni. Mimi ni nani wako?"

Akaangalia kikombe chake. "Mama mkwe."

"Basi mama mkwe anakwambia huyu si bwana yako. Huyu ni mtoto wangu na hapati hewa, na nyinyi mnakula mandazi."

Kwa watu wetu, mkaza mwana haongei hivyo. Kwetu haongei, na kwao haongei. Vikombe vilisimama hewani. Mwanamke mmoja akasema pole pole, "Huyu msichana," na hakumaliza, kwa sababu shosho alikuwa ameshasimama. Alikuja akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, akatazama pale ngozi inapoingia, akatazama macho. Sijui alikuwa anasikiliza nini. Nafikiri alikuwa anamuaga mtu.

"Mzee akiwa macho alikuwa ananyamaza," akasema. "Hata ukimtusi." Akageuka. "Funguo ya pikapu iko wapi?"

Shosho alijifunza kuendesha baada ya mzee kufa, na giya ya tatu hawajawahi kukutana. Tulienda hospitali kwa giya ya pili, mabati ya mteja yakipiga kelele nyuma, akina mama wawili wa kanisa wakiyakalia yasipeperuke. Mtoto nilimshika wima, kichwa akiweka anavyotaka yeye. Hakuna mtu alikuwa ameniambia nifanye hivyo. Ni yeye mwenyewe alikuwa anakataa kingine chochote.

Kwa geti shosho akatoa kichwa dirishani. "Bwana yangu hapumui."

Yule bawabu hakuuliza swali la pili. Alipiga firimbi, watu wakasogea, wahudumu wakaja mbio na kitanda cha magurudumu cha mtu mzima, na mmoja wao akapanda nyuma ya pikapu akawa anainua mabati akitafuta mzee.

"Ako wapi?"

"Ndiye huyu," shosho akasema, akionyesha mtoto begani kwangu.

Jamaa akaangalia mtoto, akaangalia shosho. "Mama, na wewe."

Lakini tulikuwa tumeshaingia. Kwa foleni ya watoto tungekuwa watu wa thelathini.

Daktari wa hapo alikuwa mwanamke, mfupi, na sauti ya chini. Hakumwangalia mtoto karibu kwanza. Alisimama mlangoni akasikiliza. Halafu akasema, "Usimlaze. Mtu asimwingize kijiko mdomoni. Kaa naye hapo hapo kwa mapaja." Shosho akaanza kufungua mdomo na nikajua ni habari ya ile mwisho inayopanda. Nikamwangalia. Akaufunga.

Walimpiga picha ya shingo kwa upande akiwa amekaa kwangu. Daktari akanionyesha. Mbele ya uti kuna nyama nyembamba, inatakiwa kuwa kama kamba. Ya mtoto wangu ilikuwa imevimba kama kidole gumba, na njia ya hewa ilikuwa imesukumwa mbele, imebaki ufa.

"Ni jipu," akasema. "Liko nyuma ya koo. Ndiyo maana hamezi mate, ndiyo maana anaweka kichwa nyuma, anajitafutia nafasi. Likipasuka lenyewe usaha utaingia kwa mapafu. Tunalitoa leo."

"Kwa hivyo si mafua."

"Ilianza kama mafua pengine. Lakini sasa si mafua."

"Na si kukoroma."

Akaniangalia, hajui hadithi. "Nani alisema anakoroma?"

Wale mama wa kanisa wakaangalia viatu vyao. Nitakuwa mkweli: hiyo dakika niliipenda, hata na hofu yote.

Bahati daktari wa masikio, pua na koo alikuwepo siku hiyo. Walimchukua kutoka mikononi mwangu na nikabaki na shati lake lililolowa. Mume wangu akafika kutoka Isinya na ovaroli ya kazi, matone ya dawa ya maua kwa mikono, akasema, "Baba ako wapi?" Mama yake akamjibu kabla yangu. "Mtoto wako ako ndani. Keti."

Alipotolewa alikuwa amelala, mrija wa maji mkononi, uso umelegea. Wakamweka karibu na mimi. Nikainama. Hakukuwa na sauti. Nikangoja. Hakuna. Nikashika kifua, na sikuweza kujua ni nani anasonga, mimi ama yeye.

"Sista, mbona hapumui?"

Nesi akaja, akatazama ile mashine, akatazama mtoto, halafu akanitazama mimi na huruma kidogo.

"Anapumua, mama. Watu hupumua hivi."

Nilikuwa nimesahau. Wiki moja tu na nilikuwa nimesahau. Nikaweka sikio karibu na pua yake na hewa ilikuwa inaingia na kutoka, ndogo, bila kuomba mtu. Nilikaa hapo nikisikiliza kile kimya mpaka shingo ikauma.

Shosho alikuwa amesimama mwisho wa kitanda. "Mkoromo umeisha?" akauliza.

"Umeisha."

"Wote?"

"Wote, shosho."

Akatikisa kichwa. "Ni vizuri. Ni vizuri sana." Akakaa. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Mimi hizo siku mlikuwa kwangu, nikisikia ile sauti, nilikuwa nalala mpaka asubuhi." Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya hasira, nimeyapanga tangu Jumapili, mazuri. Nikammiminia chai. Yale maneno bado niko nayo.

Tulikaa wodini muda, dawa ikipitia kwa mshipa. Ule usaha ulipelekwa maabara, na majibu yaliporudi daktari alikuja mwenyewe akiwa na uso wa mtu ameona twiga kanisani. Akasema kijidudu kilichopatikana si kile walichotarajia. Ni salmonela, ni cha tumbo, huletwa na maji machafu au kuku au mayai, na koo si mahali pake. Yeye alikuwa amesoma kwamba hutokea kwa watoto wachanga mara chache sana, lakini hakuwahi kukiona. Walibadilisha dawa.

"Imetoka wapi?" mume wangu akauliza.

"Hatutajua kwa uhakika."

Sisi tulijua. Shosho alisema ni yale maji ya lori tunayonunua Kitengela, maji ambayo hata punda huangalia mara mbili. Mimi nikasema ni trei ya mayai ya kienyeji, mayai yaliyokuja na mavi yakiwa bado juu, nikiyaosha kwa beseni moja na vijiko vya mtoto. Mume wangu akasema pengine ni yeye, huwa anambusu bila kunawa. Daktari akatuacha tukigombana. Mama wa kitanda cha pili akaingia upande wa shosho, mama wa dirishani upande wangu, na wodi ikachangamka hivyo mpaka chakula kikaletwa. Tangu siku hiyo mimi huchemsha maji na shosho huosha mayai, na kila mmoja hufanya hivyo akionyesha mwingine.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alitaka kusikiliza kifua mara ya mwisho. Mtoto alikuwa amechomwa sindano na kila mtu wa koti jeupe katika ile nyumba, na alikuwa ameamua basi. Alipoona ile koti aliweka mgongo kama upinde akapiga nduru ambayo ilisimamisha mtu wa kupangusa sakafu. Daktari akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Akatoa vile vitu masikioni.

"Sisikii chochote," akasema. "Nendeni nyumbani. Mwenye kupiga kelele namna hii njia yake iko wazi."

Hakunyamaza kwa korido. Hakunyamaza kwa geti, ambapo bawabu alituuliza kama mzee amepona. Hakunyamaza ndani ya pikapu, giya ya pili, mume wangu amebanwa katikati, shosho ameshika usukani kwa mikono yote.

"Lakini hii hasira," shosho akasema, akiinua sauti juu ya nduru, "sijui ameitoa wapi. Mzee hakuwa nayo. Kwetu hakuna mtu ako hivi."

Mume wangu akaangalia nje, upande ambao hauna mimi. Mtoto akasimama kidogo akavuta hewa, pumzi ndefu ya kufika chini kabisa, isiyokwama mahali, akaanza upya.

"Mwache," nikasema. "Mwache apige."